Historia Iliyotunzwa na Watu wa Kazi: Mila ya Kukumbuka Mjini Lubumbashi

Katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, historia ya mahali hutunzwa na wazee wa ukoo wenye ardhi, ambao hujua nani alifyeka msitu kwanza, nani alizikwa wapi na nani alimrithi nani. Lubumbashi, makao makuu ya Jimbo la Haut-Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haukupata watunzaji wa namna hiyo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji kwa ajili ya shaba, juu ya ardhi ya Walamba ambao hawakushauriwa, ukaitwa Élisabethville kwa heshima ya Malkia Elisabeth, mke wa Mfalme Albert wa Kwanza, kisha ukajazwa watu waliotoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Rwanda, Urundi na pande zote za Katanga. Watu hao hawakuwa na mzee wa ukoo mmoja wa kuwasimulia walikotoka pamoja. Walichoshirikiana ni kazi, na kwa hiyo walioibeba historia ya mji wao ni watu wa kazi: mtumishi wa nyumbani, mchimbaji, mchoraji wa mtaani, mwimbaji, mchezaji wa mpira na mke wa mfanyakazi.

Shaba yenyewe ilikuwa na historia ndefu kabla ya mji. Mafundi wa Katanga, ambao katika maandishi ya historia hujulikana kama walaji wa shaba kwa kuwa walipata riziki yao katika madini hayo, waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuri za udongo na kumimina shaba katika kalibu za umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha na mahari, na ilisafiri mbali sana na mahali ilipotengenezwa. Katika karne ya 19 biashara hiyo iliangukia mikononi mwa Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi, ambaye pamoja na wafuasi wake walioitwa Wayeke alijenga ufalme wa Garenganze na mji wake mkuu wa Bunkeya. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold wa Pili. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba mafundi wa mwisho wa kuyeyusha shaba kwa njia ya asili walionyesha ufundi wao mwaka 1924 mbele ya wageni, akiwemo mmisionari Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne aliyeandika habari zao, wakati tanuri kubwa za kampuni zilikuwa zimekwisha kuwanyang'anya kazi hiyo.

Kampuni hiyo ni Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na mwaka uliofuata kiwanda cha kuyeyushia shaba kando ya mto Lubumbashi kikatoa shaba yake ya kwanza. Emile Wangermée, mtawala aliyechagua mahali pa mji, aliupanga kwa barabara zilizonyooka na kukatana kama mistari ya daftari, Wazungu wakakaa katikati, na Waafrika wakatengwa nao kwa ukanda wa ardhi tupu ambao watawala waliuhalalisha kwa hoja za afya. Katika miaka ya 1920 Waafrika wasiokaa katika makambi ya waajiri walihamishiwa ng'ambo ya ukanda huo, katika mtaa ulioitwa Albert, ambao leo ni Kamalondo. Baadaye ulifuata mtaa wa Kenya, na katika miaka ya 1950 mitaa ya Katuba na Ruashi. Mji ulipoacha jina la malkia mwaka 1966, ulichukua jina la mto wake.

Maisha ya makambi ndiyo yaliyozaa desturi nyingi zinazoonekana mjini hadi leo. Mwanzoni kampuni iliajiri wanaume peke yao kwa muda mfupi, wakaja, wakaugua, wakafa au wakarudi kwao. Lakini kuanzia mwaka 1928 hivi ilibadili mwendo na kutaka mfanyakazi akae na mkewe, azae, na watoto wasome katika shule za kampuni zilizosimamiwa na wamisionari, ili wafanyakazi wa kesho wazaliwe humo humo kambini. Kampuni ilitoa nyumba, hospitali, shule na posho, yaani mgao wa unga, samaki, mafuta na mahitaji mengine ya nyumbani, na kwa mgao huo iliingia hadi jikoni, ikawa na neno katika ukubwa wa familia na usafi wa nyumba. Watu waliiona kuwa baba na mama. Sifa hiyo ilikuwa na shukrani ndani yake na pia ilikuwa na hofu, kwa sababu baba huyo alikuwa na uwezo wa kumfukuza mtoto kutoka nyumbani siku moja tu. Watu wa makabila tofauti walipikiana bukari, ambao ni ugali wa mahindi au muhogo, na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Walioana, walizikana, na wakazungumza Kiswahili chao chenye maneno ya Kiluba, Kibemba na Kifaransa, ambacho watoto wao walikipata kama lugha ya mama.

Kwa Kiswahili hicho iliandikwa mwaka 1965 kazi ambayo kila msomi wa historia ya miji ya Afrika angepaswa kuijua. Ni kijitabu kilichopewa jina la Kifaransa lenye maana ya msamiati wa mji wa Élisabethville, lakini ndani yake ni historia ya mji kama walivyoiona watumishi wa nyumbani, wale walioitwa maboi. Mwandishi wake, André Yav, alifanya kazi hiyo kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani, na kurasa zake zilipigwa taipu na kurudufiwa bila mchapishaji wala duka la vitabu. Boi alikuwa mtu wa ajabu katika mji wa kikoloni: alilala katika nyumba ndogo nyuma ya uwanja wa bwana, ndani ya eneo ambalo Waafrika wengine hawakuruhusiwa kuwamo usiku, alimpikia bwana, alimfulia, alimsikia akigombana na mkewe, na alijua nani alikuja kula chakula cha jioni na nani. Basi historia anayoisimulia haina takwimu za tani za shaba. Ina mabwana na tabia zao, mishahara, vyakula, mapigo, na majina ambayo watumishi waliwapa Wazungu bila wao kujua.

Maandishi ya kijitabu hicho ni magumu kusomeka kwa macho. Maneno yameunganishwa pasipotarajiwa na kutenganishwa pasipotarajiwa, kwa kuwa hapakuwa na tahajia iliyofundishwa kwa Kiswahili cha mjini. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekitoa upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo, alilazimika kumwomba Kalundi Mango, mzungumzaji wa lugha hiyo, akisome kwa sauti, na hapo sentensi zilizoonekana kuvurugika zikasikika kuwa simulizi yenye mwendo wake. Hili lafaa kuzingatiwa na wale wanaokidharau Kiswahili cha Lubumbashi kwa kukipima kwa sarufi ya Unguja, kwani Yav na wenzake waliandikia masikio ya watu wao, na watu wao waliwaelewa.

Miongoni mwa mambo yaliyosimuliwa na maboi na wakazi wengine ni habari za batumbula, yaani watu walioaminika kuwakamata Waafrika usiku na kuwapeleka kuliwa na Wazungu. Mwanahistoria anayetafuta ushahidi wa mahakama hataupata hapa. Hata hivyo hofu hiyo ilikuwa ya kweli na ilitawala mwenendo wa watu, wakiogopa kutembea peke yao gizani, na ilieleza kwa picha moja hali ambayo wafanyakazi waliiona kila siku, kwamba mji ulikuwa ukila watu.

Wachoraji wa mtaani walifanya kwa rangi kile ambacho Yav alikifanya kwa maneno. Hawa ni tofauti na wasanii waliolelewa katika karakana ya Mfaransa Pierre Romain-Desfossés tangu mwaka 1946, kama vile Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga, ambao samaki, ndege na majani yao yalipendwa sana na wanunuzi wa Ulaya. Wachoraji wa mtaani walistawi hasa katika miaka ya 1960 na 1970, wakawauzia wenzao, na picha zao zilitundikwa sebuleni mwa walimu, makarani na wafanyakazi wa mgodi. Turubai ilikuwa kitambaa cha gunia la unga kilichopakwa rangi ya msingi na kukazwa juu ya vijiti. Mada zilijulikana: mamba muntu, yaani mwanamke mwenye mkia wa samaki anayetoa utajiri kwa masharti, mfalme wa kale, na ile iliyoitwa kwa Kifaransa Colonie belge, yaani koloni la Ubelgiji.

Picha hii ya mwisho yastahili kutazamwa kwa karibu. Mfungwa amelala kifudifudi chini, matako yako wazi, na askari Mwafrika ameinua kiboko. Mzungu mwenye kofia ngumu amesimama kando, wakati mwingine akiwa na kiko mdomoni, na bendera iko juu ya mlingoti. Wafungwa wengine huonekana wakifanya kazi, na mara nyingi wamo wanawake waliokuja na chakula au wanaolia. Anayepiga ni mtu mweusi, anayeamuru ni mweupe, na mwenye nyumba aliyeinunua picha aliitundika mahali ambapo kila mgeni angeiona anapoketi. Watu waliita picha za namna hii ukumbusho, na kazi yake ilikuwa hiyo hasa: mgeni aliuliza, mwenyeji akaeleza, watoto wakasikia. Zaidi ya hayo, picha ya koloni iliwawezesha watu wa wakati wa Mobutu kuzungumza juu ya dhuluma bila kumtaja aliyekuwa akitawala.

Mchoraji aliyeifikisha desturi hiyo mbali zaidi ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zipatazo mia moja juu ya historia nzima ya nchi, akimweleza Fabian kila picha kwa Kiswahili; alijiona kuwa mwanahistoria, na alikuwa na haki ya kujiita hivyo. Katika mfululizo huo yumo Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na mji huo tarehe 17 Januari 1961 wakati Katanga ya Moïse Tshombe ilipokuwa imejitenga. Wamo pia wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi mwezi Desemba 1941, walipogoma kudai mshahara na kukusanyika katika kiwanja cha mpira. Makumi ya watu waliuawa siku hiyo, akiwemo Léonard Mpoyi, msemaji wa wagomaji, ambaye kwa masimulizi ya wafanyakazi alipigwa risasi na Gavana Amour Maron mwenyewe. Ukoloni haukutaka jambo hilo litajwe, nalo lilipita katika mazungumzo ya kambini kwa zaidi ya miaka thelathini hadi likafika kwenye gunia la unga la Tshibumba.

Uwanja wa mpira ulikuwa pia mahali pa fahari. Mwaka 1939 Wabenediktini waliunda timu iliyokuja kuitwa Englebert na kisha Tout Puissant Mazembe, bingwa wa klabu za Afrika mara tano tangu mwaka 1967 hadi 2015; mpinzani wake wa mjini, Saint-Éloi Lupopo, aliyezaliwa mwaka huo huo, hufahamika kama timu ya watu wa reli. Katika muziki, vijana wachekeshaji wa mtaa wa Kenya waliojulikana kwa jina la JECOKE, na wapiga gitaa kama Édouard Masengo na Jean-Bosco Mwenda, walizipeleka nyimbo za Katanga hadi Nairobi, wakati kikundi cha mwigizaji Mufwankolo kiliwaletea watu maigizo ya Kiswahili cha mjini redioni na baadaye katika televisheni.

Desturi hizi zilijaribiwa vikali pale baba alipoanguka. Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967 na ikaja kuitwa Gécamines. Katika miaka ya 1990 uzalishaji uliporomoka, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga ingawa wengi walizaliwa huko, na bomba refu la kiwanda, ambalo pamoja na mlima wa mabaki ya madini ni alama ya mji, likaacha kutoa moshi. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari, wakapewa malipo yaliyokwisha upesi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa amekwisha kuwaita wafanyakazi wa kampuni watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Mwanamume aliyezoea kuleta posho nyumbani akawa anangoja mkewe arudi sokoni na faida ya unga, mkaa au samaki wakavu, na mamlaka katika nyumba nyingi ikahamia kwa mama bila kutangazwa.

Dibwe na mwanahistoria mwenzake Bogumil Jewsiewicki ndio walioanzisha mwaka 2000 mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi, unaokusanya masimulizi ya wakazi na kuyaleta mbele ya umma kwa maonyesho, maigizo na vitabu. Kizazi kilichofuata kimeendelea kwa vyombo vyake: mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, ameziunganisha picha za kikoloni za wafanyakazi na picha za leo za viwanda vilivyobomoka, hata vibarua wa zamani, wengine wakiwa na namba vifuani, wakaonekana wamesimama mbele ya kutu ya mitambo waliyoihudumia. Yeye na wenzake walianzisha kituo cha Picha, ambacho tangu mwaka 2008 huandaa maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, na katika maonyesho hayo wakazi wa Katuba na Kamalondo huzikuta nyuso za watu wa rika la babu zao zikiwa zimetundikwa ukutani.