Kidonda kisichotaka kisu

JE, umewahi kuona kidonda cha mguu ambacho kila kikikatwakatwa na kukwanguliwa huzidi kupanuka? Huenda si uchafu unaokikuza. Huenda ni ugonjwa adimu uitwao paioderma gangrenosamu.

Jina hilo hupotosha. Lilitolewa mwaka wa 1930 na madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliodhani kwamba chanzo ni bakteria. Leo inajulikana kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Ni kinga ya mwili iliyokosea njia: chembechembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupigana na viini, hugeuka na kushambulia ngozi ya mwenyewe.

Dalili

Huanza kama kipele chenye usaha, mara nyingi mguuni. Kwa siku chache hupasuka na kuwa kidonda chenye maumivu makali na ukingo wa rangi ya zambarau.

Karibu nusu ya wagonjwa huwa na maradhi mengine, kama vile uvimbe wa matumbo, baridi yabisi au magonjwa ya damu. Wachache huwa na vaskulaitisi, yaani kuvimba kwa mishipa ya damu. Hapo daktari huwa na kazi ngumu, kwani vaskulaitisi yenyewe huweza kuleta vidonda vinavyofanana na hivi. Kwa hivyo usishangae akikata kipande kidogo cha ngozi ukingoni ili kipimwe, na kukuagiza upimwe damu na mkojo. Vaskulaitisi huweza kuharibu figo bila wewe kuhisi lolote. Lazima pia ahakikishe kwamba si kifua kikuu cha ngozi, saratani au kidonda cha kisukari.

Matibabu

Dawa kuu ni zile za kutuliza kinga ya mwili. Katika uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka wa 2015, wagonjwa 121 walipewa ama prednisoloni ama saiklosporini. Baada ya miezi 6, karibu nusu ya kila kundi walikuwa wamepona. Maana yake ni kwamba hakuna dawa ya siku mbili, uvumilivu unahitajika. Kidonda kidogo huweza kutibiwa kwa krimu kali ya steroidi.

Mwenye vaskulaitisi hutibiwa ugonjwa huo pia, pengine kwa rituksimabu au saiklofosfamaidi. Kufunga kidonda tu bila kutuliza mishipa ni sawa na kupangusa maji sakafuni huku mfereji uko wazi.

Tahadhari

Dawa hizi zina madhara. Prednisoloni huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, na kudhoofisha mifupa. Huweza pia kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, kwa hivyo pimwa kwanza. Usiinunue dukani kwa kubahatisha, wala usiiache ghafla baada ya kuitumia kwa majuma kadhaa, hupunguzwa polepole.

Kidonda kisafishwe kwa upole na kufungwa kwa bendeji isiyonata. Usikipake majivu wala spiriti. Ukitakiwa kupasuliwa popote mwilini, mweleze daktari mapema kwamba una ugonjwa huu, kwa sababu jeraha jipya huweza kuzaa kidonda kingine.

Ukiona kidonda kinapanuka kwa kasi, na hasa ukiwa na homa, viungo vinavyouma, ganzi au damu katika mkojo, nenda hospitali mara moja uombe kuonwa na daktari wa ngozi.