Mrabaha wa Kitabu Ulichokichapisha Mwenyewe: Asilimia ya Nini?

Mrabaha ni malipo anayostahili mwandishi kwa kila nakala ya kitabu chake inayouzwa. Kampuni ya uchapishaji inapogharimia kazi yote, mwandishi hulipwa asilimia fulani ya bei na hatoi mtaji wowote. Anayejichapishia hali yake ni nyingine. Yeye ni mwandishi na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, na kile anachokiita mrabaha ni salio linalobaki baada ya wengine wote kuchukua chao. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza si "Nitapewa asilimia ngapi?" bali "Asilimia ya nini?"

Tuchukue mfano. Kitabu kinauzwa kwa shilingi 10,000, na gharama ya kukipiga chapa ni shilingi 4,000 kwa nakala. Duka la vitabu linakipokea kwa punguzo la asilimia 35, yaani shilingi 3,500. Mwandishi anapokea shilingi 6,500. Akitoa gharama ya chapa, anabakiwa na 2,500. Sasa tuseme amejitokeza wakala wa huduma za uchapishaji anayeahidi kugawana naye "asilimia 50 ya mapato halisi". Katika bei ileile, wakala anaondoa sehemu ya duka, gharama ya chapa, na shilingi 1,000 za "usimamizi". Zinabaki 1,500, na nusu yake ni 750. Mwandishi aliyeahidiwa asilimia 10 tu ya bei ya jalada angelipwa 1,000. Hapo hakuna aliyesema uongo. Tofauti yote imo katika neno "halisi".

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, dai maandishi yanayotaja kila makato na kiwango chake. Ikiwa umekwisha kulipia upigaji chapa kutoka mfukoni mwako, gharama hiyo haipaswi kukatwa tena katika mauzo. Huko ni kutozwa mara mbili, na kifungu cha namna hiyo kikataliwe. Vilevile, kulipia huduma hakumlazimu mtu kuikabidhi hakimiliki yake. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi hulindwa tangu inapotungwa, na ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mkataba unaomwachia wakala haki za tafsiri, za kusomwa redioni au za filamu unaweza kuwanyima warithi wako mapato ambayo leo huyaoni. Wakala anayechapa nakala chache tu hana haja ya haki hizo.

Njia iliyo wazi ya kuongeza kipato ni kuuza mwenyewe. Nakala unayomkabidhi msomaji mkononi, shuleni au kwenye tamasha, inakuachia shilingi 6,000 katika mfano wetu, zaidi ya mara mbili ya ile inayopitia dukani. Duka lina faida yake, kwani huwafikia watu usiowajua, lakini maduka mengi hupokea vitabu kwa mali kauli: hulipa baada ya kuuza. Andikeni hati ya makabidhiano yenye idadi ya nakala, bei, punguzo na tarehe ya kufanya hesabu, kila upande ubaki na nakala yake. Bila hati hiyo, nakala zinazopotea huwa ni hasara ya mwandishi.

Usivutwe pia na unafuu wa kupiga chapa nakala nyingi. Aliyechapa nakala 500 kwa gharama hiyo ametoa shilingi 2,000,000, na akiuza kupitia duka, mtaji wake haurudi mpaka nakala ya 308. Nakala 100 za mwanzo, hata zikiwa ghali kidogo kwa kila moja, zitakupa picha ya soko.

Kwa vitabu vya kielektroniki, kiwango hutegemea bei. Amazon, kwa mfano, hutoa asilimia 70 kwa kitabu chenye bei ya kati ya dola 2.99 na dola 9.99, na asilimia 35 nje ya mipaka hiyo. Anayeshusha bei kutoka dola 2.99 hadi 1.99 anashuka kutoka takriban dola 2.09 hadi senti 70 kwa nakala, hivyo atahitaji wanunuzi mara tatu ili abaki palepale. Kiwango cha 70 hakitumiki kwa wanunuzi wa nchi zote, na hukatwa ada kulingana na ukubwa wa faili. Kitabu chenye picha nyingi huathirika zaidi. Aidha, Marekani hukata kodi ya asilimia 30 katika mrabaha wa mauzo yaliyofanyika huko, ikiwa nchi ya mwandishi haina mkataba wa kodi nayo. Tanzania na Kenya hazina mkataba huo.

Ukinyimwa malipo au taarifa ya mauzo, anza kwa kumwandikia wakala barua yenye tarehe, ukitaja kifungu cha mkataba na muda unaompa kujibu. Hifadhi stakabadhi, ujumbe wa simu na hati za makabidhiano. Madai ya hakimiliki yapelekwe Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Malalamiko ya matangazo ya udanganyifu yapelekwe Tume ya Ushindani.