Gari la Jirani Saa Nane za Usiku

Mama aliyejifungua akianza kuvuja damu nyingi, anaweza kupoteza maisha ndani ya muda wa saa mbili. Kwa mkazi wa Sofu, kata iliyomo mjini Kibaha, muda huo unaonekana wa kutosha kabisa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi, iko mji huohuo, kando ya Barabara ya Morogoro. Tatizo ni saa nane za usiku. Daladala hakuna, kijiwe cha bodaboda kimefungwa, na mume anagonga kwa jirani mwenye gari, ambaye pengine kasafiri. Kisha itafutwe pesa ya mafuta. Saa ya kwanza inaweza kwisha kabla gari halijawashwa.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawa vikwazo hivi katika makundi matatu ambayo wakunga duniani kote bado wanayatumia: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kwa haraka utasema dereva anahusika na kundi la pili peke yake. Mimi naona anagusa yote. Familia isiyojua itapanda nini ndiyo inayosema tusubiri kupambazuke. Na hospitali iliyopigiwa simu kwamba mgonjwa yuko njiani hupata nafasi ya kuandaa damu na kumwamsha mpasuaji.

Ndiyo maana nauthamini mfumo wa usafiri wa dharura uitwao m-mama. Ulianza kufanyiwa majaribio Kanda ya Ziwa, huko Sengerema na Shinyanga, kwa ushirikiano wa Serikali na Vodafone Foundation. Aprili 2022, Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua jijini Dodoma ili uenee nchi nzima. Mama, ndugu yake au mhudumu wa afya anapiga 115 bila malipo. Anayepokea anauliza maswali ya kitabibu, na kwa kutumia programu maalumu anaamua kama hali ni ya dharura na kituo gani kinaweza kuimudu. Hilo la kituo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mama anayehitaji upasuaji akipelekwa kwenye zahanati isiyo na chumba cha upasuaji, amepotezewa muda. Gari la wagonjwa likiwa karibu, linatumwa. Lisipokuwepo, anapigiwa dereva wa jamii: mwananchi mwenye gari lake, aliyesajiliwa mapema na kupewa mafunzo. Akishamfikisha mgonjwa na kituo kikathibitisha, malipo ya safari yanaingia kwenye simu yake.

Wapo wanaonung'unika kwamba mtu akilipwa, huko si kujitolea tena. Sikubaliani nao hata kidogo. Dereva huyu anaacha usingizi wake, anaingiza gari kwenye njia ya matope wakati wa masika, na kiti chake kinaweza kurudi kimelowa damu. Moyo wa kusaidia anao tayari. Asichokuwa nacho ni mafuta ya kila wito. Tukimwachia gharama yote, atatoka mara ya kwanza, atatoka ya pili, kisha ataanza kuzima simu usiku, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Takwimu za kitaifa zinatia moyo. Utafiti wa afya ya kaya wa 2015-16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Usafiri peke yake haukuleta hayo, kwani katika miaka hiyo vilijengwa pia vituo vya afya vingi vyenye uwezo wa kufanya upasuaji. Lakini chumba cha upasuaji hakimfuati mgonjwa nyumbani.

Kwa anayeendesha, yako mambo machache ya kushika. Mjamzito alazwe ubavu wa kushoto, maana akilala chali mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Akipata degedege la kifafa cha mimba, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni. Abaki ubavu, na mtu amzuie asijigonge. Kamwe asipakiwe kwenye bodaboda katika hali hiyo. Mtoto mchanga, hasa njiti, awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe khanga pamoja, kwa sababu baridi ya njiani inaua. Na mwendo uwe wa salama. Barabara ya Morogoro usiku ina malori mengi, na dakika mbili zilizookolewa kwa kulipita lori kwenye kona hazina thamani yoyote kwa mgonjwa.

Mkutano wa mtaa Sofu ungeweza kuuliza maswali mawili kwa kiongozi wake: ni madereva wangapi wa hapa wamesajiliwa, na njia ipi haipitiki mvua ikinyesha? Huduma ya m-mama ni ya mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na mtoto mchanga hadi siku 28. Dalili ya hatari ikitokea, yaani damu, degedege, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto kukataa kunyonya, piga 115 kwanza, ndipo uende kugonga kwa jirani.