Fahamu: Nyumba ya zamani ya mawe inavyoimarishwa dhidi ya tetemeko

Wakazi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki hudhani matetemeko ni shida ya watu wa Bonde la Ufa. Lakini tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipasua ardhi karibu na Subukia, takriban kilomita 90 kutoka Nyeri. Mwaka 2016 lile la 5.9 liliua watu Bukoba, Tanzania, na nyumba nyingi zilizoporomoka zilikuwa za matofali.

Ukuta wa mawe au matofali hubeba uzito vizuri, ila ukisukumwa kutoka ubavuni hufunguka kwenye pembe, kisha huanguka nje. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuzifunga kuta zishikane. Fundi hujenga mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta zote, bila kukatika, na mbao za paa hufungwa humo. Pembe na kingo za madirisha hufunikwa wavu wa chuma pande zote mbili, wavu ukaunganishwa kupitia ukutani, halafu plasta ya simiti. Plasta tupu juu ya ufa ni vipodozi tu.

Ile pembetatu ya ukuta chini ya paa huanguka mapema. Ifunge kwenye paa. Sakafu za mbao za maduka ya zamani nazo zifungwe ukutani.

Kenya ina kanuni za ujenzi wa kuhimili matetemeko tangu 1973. Kabla ya kuongeza ghorofa, mwite mhandisi aliyesajiliwa akague kuta zilizopo.