Nyanya za milimani: tusingoje mvua ikatike ndipo tumwage mbegu

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo dogo linalosumbua nyumba nyingi: ni wakati gani wa kumwaga mbegu za nyanya katika baridi hii?

Wengi wetu tumetoka Uvira, Baraka na sehemu zingine za kando ya Ziwa Tanganyika. Kule ziwani ni mita kama 770 juu ya bahari. Hapa Burundi, kutoka Buraza kule Gitega mpaka huku Muyinga, sehemu nyingi zinapita mita 1,500. Kila ukipanda mita 100, joto linapungua karibu nusu digrii au zaidi kidogo. Kwa hiyo tunaishi kwenye baridi ya digrii kama 4 au 5 kuliko nyumbani. Sisi tunavaa koti, lakini mbegu haina koti.

Sisi wenyewe tulikosea. Tulisema, mvua inaharibu nyanya, basi tungoje iishe. Tukamwaga mbegu mwisho wa mwezi wa 5. Nyumbani mbegu inatoka kwa siku 5 au 6. Hapa tulingoja karibu wiki mbili, mpaka jirani akatucheka. Miche ikachukua wiki 6 kwenye kitalu. Maua yakaja mwezi wa 8. Nyanya zilipoanza kuwa nyekundu, mvua ya mwezi wa 9 ilikuwa imekwisha rudi. Majani yakapata madoa meusi, matunda yakaoza kwenye mti. Ule ugonjwa wengine wanauita mildiu. Pesa ya mbegu tulikuwa tumeitoa kwenye pesa ya sabuni na ya daftari za watoto. Basi, ilikwenda hivyo.

Kumbe dawa ni kuhesabu kwa kurudi nyuma. Mvua kubwa inakatika karibu mwisho wa mwezi wa 5. Wakati huo miche inatakiwa iwe tayari kuhamishwa. Toa wiki 5 au 6 za kitalu, unaangukia katikati ya mwezi wa 4. Ndio wakati wa kumwaga mbegu, hata kama mvua ingali inanyesha. Maua yatakuja karibu mwisho wa mwezi wa 6, na nyanya zitaiva mwezi wa 8, kukiwa kukavu.

Lakini mvua ya mwezi wa 4 ni kali, kwa hiyo kitalu kinahitaji nyumba yake. Tunafanya hivi:

1. Kwanza jaribu mbegu. Weka 10 katika kitambaa chenye maji, mahali penye joto. Zikitoka 7 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikitoka 3, usipoteze nguvu yako.

2. Inua tuta la kitalu kama sentimeta 20 ili maji yasisimame. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri.

3. Chora mistari, acha sentimeta 10 katikati. Mbegu iingie sentimeta 1 tu. Ukiizika sana, baridi itaikalia.

4. Funika na nyasi kavu. Mara mbegu zikitoka, ondoa nyasi siku hiyo hiyo, kama sivyo miche inakuwa mirefu na mwembamba.

5. Jenga paa dogo la nyasi au plastiki juu ya miti minne. Mvua isipige miche, lakini upepo upite.

6. Mwagilia asubuhi, si jioni. Mche unaolala na majani yenye maji unaita ugonjwa.

Mche ukifika sentimeta 15 hivi, hamisha jioni jua likipoa. Acha nusu mita kati ya mche na mche, na karibu mita moja kati ya mistari. Simamisha mti wa kuufungia.

Tena angalia mahali. Bondeni kuna maji, ni kweli, lakini usiku hewa ya baridi inashuka na kukaa kule chini kabisa. Usiku ukipoa chini ya digrii 13, maua mengi yanaanguka bila kuzaa. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku wa hapa unaweza kufika hapo. Afadhali kupanda juu kidogo, kwenye mguu wa kilima, hata kama tutabeba maji hatua chache. Na usipande palipotoka viazi vya kizungu, biringanya au pilipili, maana wote ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni yale yale.

Kwa wale wasio na shamba: miche 5 tu kwenye mfuko wa udongo, karibu na ukuta unaopata jua la asubuhi, inatosha kuungia maharagwe ya nyumba. Ukuta unashika joto la mchana na kulitoa usiku.

Basi ndugu zetu, tuandike kwenye kalenda: katikati ya mwezi wa 4. Na mwenye mbegu nyingi akumbuke jirani. Mkono mtupu haulambwi.