Ahamiaye Kisiwani Hulala Ng'ambo

Mtu wa Nairobi anapoazimia kuhamia Mombasa, aghalabu huwa amekwisha kuuona mji huo moyoni mwake kabla hajapakia godoro lake kwenye lori: bahari pande zote, minazi, ngome ya Wareno, vichochoro vya Mji wa Kale, na samaki wa kupaka jioni. Hayo yote yapo, wala hakudanganywa. Lakini yapo mahali ambapo yeye, akiwa mtu wa mshahara wa kadiri, yamkini hatakaa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta katika Kaunti ya Mombasa wakazi 1,208,333, na katika hao waliokuwa wakiishi Mvita, ambayo ndiyo sehemu ya kisiwani, walikuwa 154,171 tu, takriban mtu mmoja katika kila wanane. Waliosalia walikuwa ng'ambo: Kisauni peke yake ilikuwa na watu 291,930 na Likoni 250,358, kisha Nyali, Jomvu na Changamwe. Hivyo mwenye kutoka mji wa bara akija mji wa kisiwa huishia, mara nyingi bila kutarajia, kulala bara nyingine, akikipitia kisiwa asubuhi akienda kazini na jioni akirudi, na wengine hawakifikii ila siku ya haja.

Uhamaji huu una historia yake, nayo ilianza kwa kwenda kinyume. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1905 makao makuu ya serikali ya Kiingereza yakahamishwa kutoka pwani kwenda huko kwenye baridi, nao makarani, mafundi na wachuuzi wakayafuata. Wala ng'ambo za Mombasa hazikuwa pori tupu lililongojea wapangaji. Wachangamwe na Wajomvu wamo katika Thenashara Taifa, zile taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa. Na upande wa Kisauni, mwaka 1875, wamishonari wa Kiingereza walianzisha Freretown iwe maskani ya watu waliookolewa katika majahazi ya biashara ya utumwa, watu wa asili mbalimbali, baadhi yao wakiwa wamelelewa Bara Hindi kabla ya kurejeshwa Afrika, na mahali ilipo kengele yao huitwa Kengeleni hadi leo. Nayataja haya kwa kuwa mgeni wa leo hujidhania kuwa wa kwanza, ilhali anapanga chumba katika nchi iliyopokea wageni kwa karne nyingi, na ambayo haisahau namna kila mmoja alivyoingia.

Shauri ninalompa mwenye kuhama, hata kabla ya kumwuliza ana watoto wangapi na kodi kiasi gani, ni kwamba achague kivuko kwanza na nyumba baadaye. Kisiwa kina milango mitatu ya kutokea, na kila mlango una tabia yake. Nyumba nzuri ya bei nafuu iliyo upande usiofaa wa maji humtoza mpangaji wake saa mbili au tatu za kila siku, na hizo hazimo katika mapatano yake na mwenye nyumba.

Kusini ni Likoni, na baina yake na kisiwa hapana daraja la kudumu. Pana mlango wa bahari wa Kilindini, ambao upana wake pale kivukoni ni kama nusu kilomita, na ambao meli zote ziingiazo bandarini hazina budi kuupita. Ndiyo sababu daraja hilo, ambalo limezungumzwa kwa miaka mingi, lazima liinuke juu kiasi cha kupisha milingoti, na ndiyo sababu bado halijajengwa. Feri imekuwa ikivusha watu hapa tangu mwaka 1937. Mwenda kwa miguu halipi kitu, mwenye chombo cha moto hulipa. Na takwimu rasmi zimekuwa zikitaja zaidi ya watu 300,000 wavukao kwa siku moja. Kunapopambazuka umati huuteremkia mteremko wa kivukoni, vibarua wa bandari, wauza mboga, wanafunzi, wasukuma mikokoteni, maafisa wenye mikoba, wote bega kwa bega, na hapana heshima ya cheo itakayomvusha mtu mbele ya mwenzake. Feri moja ikiharibika, au meli kubwa ikiwa inapita, basi wote hungoja. Aliyezoea kuzilaani foleni za Thika Road ataona kwamba hapa hana hata wa kumpigia honi.

Mlango huu wa bahari una misiba yake pia. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama karibu na nchi kavu, na watu 272 wakafa. Wazee wa Likoni wangali wakiihesabu miaka kwa siku hiyo. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka ferini na kuzama pamoja na mama na mwanawe, na taifa zima likakaa siku nyingi likingoja waopolewe. Siyasemi kwa kutia hofu, kwa maana maelfu kwa maelfu huvuka salama kila siku. Nayasema ili dereva mgeni akaze breki ya mkono na asidharau maagizo ya mabaharia. Tangu mwaka 2024 barabara ya Dongo Kundu imekamilika, ikitoka Miritini na kuruka hori kwa madaraja makubwa hadi upande wa Kwale, na mwenye gari aendaye Ukunda au Diani hana tena haja ya feri. Lakini barabara hiyo haimsaidii mpangaji wa Shika Adabu afanyaye kazi Mwembe Tayari, ambaye kuizunguka ni safari ya bure. Likoni, kwa rai yangu, inamfaa mtu ambaye riziki yake iko upande huo huo wa maji: mwalimu, mfanyakazi wa hoteli za kusini, au mwenye duka lake Majengo Mapya. Mtu huyo atapata pwani ya Shelly karibu naye, na kodi ambayo aghalabu ni nafuu kuliko ya Nyali.

Lipo jambo jingine la Likoni ambalo mhamiaji hupenda kunyamaziwa, nami sioni faida ya kumnyamazia. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, kisha nyumba na vibanda vya watu wa bara. Zaidi ya watu mia wakauawa, na maelfu wakahama, wengine wakilala siku nyingi katika uwanja wa kanisa. Siasa za uchaguzi wa mwaka ule zilikuwa na mkono wake, lakini kuni zilikuwa zimekwisha kupangwa zamani: manung'uniko juu ya ardhi, na juu ya kazi za bandari na hoteli ambazo wenyeji waliziona zikienda kwa wengine. Leo watu wa bara na wa pwani wanakaa mlango kwa mlango Likoni, wanaoana na kuzikana. Hata hivyo mgeni asiyejua habari hizo hushangaa anapoulizwa kwa upole amekuja kukaa au kupita, akadhani ni udaku.

Kaskazini mambo ni mengine. Hapo awali palikuwa na daraja la kuelea lililofunguliwa mwaka 1931, na mwaka 1980 likafuatwa na Daraja la Nyali la zege, lenye urefu wa mita 391. Kuvuka ni dakika chache usiku, na ni subira tupu saa kumi na moja za jioni. Ukilimaliza daraja na kuliacha soko la Kongowea, ambalo mhamiaji mwenye akili hulijua kabla ya kulijua duka lolote la vioo, barabara ya Malindi hukupeleka Bombolulu, Bamburi kwenye kiwanda cha saruji kilichoanza mwaka 1954, na hadi Shanzu. Na kushoto kwa barabara ndiko waliko watu wengi, Mishomoroni, Mtopanga, Mlaleo, Kiembeni. Hapa ndipo watu wa Nairobi wanapopenda kukaa, na si ajabu: nyumba ni nyingi, shule ni nyingi, na bahari haiko mbali. Yapo madhila vilevile. Baadhi ya mitaa ya ndani imepata kusumbuliwa na magenge ya vijana wenye mapanga, na mwenye kutafuta nyumba huko afanye staha ya kuwauliza akina mama wa mtaa huo, wala si dalali, njia ipi hupitwa usiku na ipi haipitwi.

Magharibi, upande wa Changamwe na Jomvu, ndiko anakofikia kila msafiri wa Nairobi, apende asipende. Gari moshi la Madaraka, lililoanza kubeba abiria mwaka 2017, humshusha Miritini; ndege humshusha Port Reitz; na basi hulipita eneo hilo lote kabla ya kuvuka Makupa, ambako lile tuta la zamani lililoziba maji limeondolewa na daraja jipya kuwekwa mwaka 2022. Atafutaye ufuo wa mchanga mweupe asije huku, maana bahari ya Changamwe ni mikoko, gati za Kipevu na harufu ya mafuta. Lakini atafutaye kazi huanzia hapa. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofanya kazi tangu mwaka 1963 kilisimama mwaka 2013. Kisha makontena yakalazimishwa kwenda Nairobi kwa reli, na madereva wa malori, makuli, mama ntilie na wenye magereji ya Magongo na Chaani wakabaki wakitazamana, hata amri hiyo ilipotenguliwa mwaka 2022. Mtaa unaotegemea bandari namna hiyo hauna siri: ukitaka kujua hali ya biashara ya nchi, tazama kama malori yamejaa au yamelala.

Ama hali ya hewa, mhamiaji ameteremka zaidi ya mita 1,600, na mwili wake utamdai fidia. Aje Julai, kusi inapovuma na usiku una unafuu, ili azoee kidogo kidogo. Akija Februari au Machi, kaskazi inapoishia na upepo kukatika, atalala sakafuni wiki nzima na kumlaumu aliyemshauri. Achunguze nyumba kwa mkono: aguse dari ya ghorofa ya juu saa tisa za alasiri, atazame kama madirisha yanaelekea upepo au yanaelekea ukuta wa jirani. Blanketi mbili azigawe Nairobi. Chandarua anunue siku ya kwanza. Nguo za sufu zitaota ukungu kabatini, na kila chuma, kuanzia bawaba za milango hadi tumbo la redio, kitaliwa na kutu ya hewa ya chumvi, kwa hiyo vitu vya gharama vya umeme si vya kuharakia.

Maji nayo yana hadithi ndefu. Mombasa haina mto wake wa kunywa. Maji yake hutoka ghaibu, katika chemchemi za Mzima huko Tsavo, katika visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, na Tiwi, nayo hayatoshi. Mifereji hukaa mikavu, na mji huishi kwa mikokoteni ya mitungi ya lita ishirini na kwa visima ambavyo vingi ni vya chumvi. Kwa hiyo mpangaji asiulize, "Kuna maji?" kwa maana jibu ni ndiyo sikuzote. Aulize hivi: "Mwenye nyumba, maji matamu huja siku gani, na tangi ni la nani?"

Juu ya adabu sitasema mengi, kwa sababu mwenye macho hujifunza. Salamu hutangulia haja, hata kama haja ni kiberiti. Mzee hupitwa kwa shikamoo. Mwezi wa Ramadhani mtu hali barazani mchana. Na mgeni aletewaye sahani ya mahamri na mbaazi na jirani yake hairudishi sahani tupu.

Hatimaye, baada ya mwaka mmoja au miwili, mhamiaji akiwa amezoea joto na kuwajua watu, humwingia tamaa ya kununua, na hapo ndipo hatari kubwa kuliko zote ilipo. Ardhi ya ukanda huu wa maili kumi ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar kwa jina hadi mwaka 1963. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilikuwa imekwisha kuwataka wenye madai wayapeleke kwa maandishi, na wengi wasiojua au wasioweza wakayakosa mashamba ya babu zao. Ndipo ikaenea ile dasturi ya nyumba bila ardhi, ambapo mmoja ana kuta na paa, na mwingine, pengine asiyeonekana kwa miaka, ana udongo na hudai ushuru wake. Huko Likoni, shamba la Waitiki, ekari 930, lilikaliwa na maelfu ya watu kwa karibu miaka ishirini kabla serikali haijalinunua na kuanza kuwapa hati Januari 2016. Basi, ndugu msomaji, anayekuuzia nyumba Kisauni au Likoni kwa bei ya kustaajabisha anaweza kuwa mkweli kabisa juu ya nyumba, asitaje neno juu ya ardhi. Nenda kwanza ofisi ya ardhi ukatafute jina lililo katika hati, kisha umwulize mzee wa mtaa na majirani wa pande zote nne; na hadi majibu ya hao wote yakubaliane, usitoe hata senti moja, endelea kupanga.