Ndege Ile Inakwenda Wapi? Jinsi Kiwambo cha Rubani Kinavyoonyesha Uelekeo wa Ndege Nyingine

Kiwanja cha ndege cha Pemba kipo Wawi, karibu na mji wa Chake Chake. Ndege itokayo Unguja hukijia kutoka kusini-magharibi. Itokayo Tanga huvuka Mkondo wa Pemba na kukijia kutoka magharibi. Njia hizi, ambazo mwanzoni zimeachana mbali, huishia kwenye ukanda mmoja wa lami. Kwa hiyo kadiri ndege mbili zinavyokikaribia kisiwa, ndivyo nafasi iliyo kati yao inavyopungua.

Rubani aliye katika hali hiyo hana budi kupata majibu ya maswali matatu kuhusu ndege ya mwenziwe: Ipo wapi? Ipo kimo gani? Na inakwenda wapi? Maswali mawili ya kwanza yalipata majibu ya vyombo zamani kidogo. La tatu ndilo lililokuwa gumu, na ndilo mada ya makala haya.

Jambo hili si la kinadharia tu. Tarehe 5 Machi 2024, jijini Nairobi, ndege ya abiria ya aina ya Dash 8 iliyokuwa ikielekea Diani iligongana angani na ndege ndogo ya aina ya Cessna 172. Watu wawili waliokuwa katika ndege ndogo walipoteza maisha. Ile kubwa ilirudi na kutua salama katika kiwanja cha Wilson. Hatulitaji tukio hili ili kumtafuta mwenye kosa, bali kukumbusha kwamba anga, ingawa ni pana, huwa nyembamba karibu na viwanja.

Chombo kinachouliza

Ndege kubwa za abiria hubeba mtambo wa kuonya dhidi ya migongano. Kanuni za kimataifa zinautaka, tangu mwaka 2005, katika ndege zote za injini za tabo zenye uzito wa kuruka unaozidi kilo 5,700 au zinazoruhusiwa kuchukua abiria zaidi ya 19. Ndege ndogo kama Cessna Caravan, ambazo ni za kawaida katika safari za visiwani, hazifikii kiwango hicho.

Mtambo huo hufanya kazi kwa kuuliza na kujibiwa. Hupeleka wimbi la redio la megahezi 1030, na chombo cha kujibu kilichomo katika ndege nyingine, kiitwacho transponda, hurudisha jibu kwa wimbi la megahezi 1090. Mawimbi ya redio husafiri mita 300 katika kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Basi mtambo ukipima muda wa kwenda na kurudi, na kuutoa muda mfupi unaojulikana ambao transponda huutumia kujibu, hupata umbali kwa usahihi mkubwa. Kimo nacho huja ndani ya jibu lenyewe, kwa kuwa transponda huambatanisha kipimo cha kimo cha ndege yake.

Upande ambako ndege ile ipo hupatikana kwa njia nyingine: antena maalumu hutambua jibu limetokea wapi. Hapa ndipo penye udhaifu. Antena ni ndogo, na kiwiliwili cha ndege huyavuruga mawimbi. Kwa hiyo pembe inayopimwa yaweza kupotoka kwa nyuzi kadhaa. Tukichukua kosa la nyuzi 9, ndege iliyo umbali wa kilometa 20 itachorwa zaidi ya kilometa 3 kando ya mahali pake pa kweli. Hii ni sababu kubwa inayofanya mtambo huu, pindi hatari inapozidi, umwamuru rubani kupanda au kushuka tu, wala usimwamuru kukata kushoto au kulia.

Katika kiwambo, ndege nyingine huonyeshwa kwa umbo la almasi. Ikianza kutia shaka hugeuka duara la manjano. Hatari ikiwa kubwa huwa mraba mwekundu. Kando yake huandikwa tarakimu: +05 maana yake ndege ile ipo futi 500 juu yetu. Pengine huwapo na mshale mdogo unaotazama juu au chini. Mwanafunzi aangalie sana hapa: mshale huo hauonyeshi ndege inakwenda wapi, bali unaonyesha kwamba inapanda au inashuka kwa futi 500 au zaidi kwa dakika. Almasi yenyewe haina pua wala mkia.

Alama inayotambaa

Msomaji ataweza kuuliza: Je, rubani hawezi kuitazama almasi inavyosogea katika kiwambo, akajua inakwenda wapi? Tufanye hesabu ndogo.

Tuseme ndege A inakwenda kaskazini kwa kasi ya kilometa 300 kwa saa, yaani kilometa 5 kwa dakika. Ndege B inakwenda mashariki kwa kasi hiyo hiyo. Kila moja imebakiza kilometa 15 kufika mahali njia zao zinapokatana. Kwa rubani wa A, ndege B ipo mbele kushoto, nyuzi 45 kutoka puani, na umbali wake ni kilometa 21. Baada ya dakika moja kila ndege imebakiza kilometa 10: B bado ipo nyuzi 45, umbali kilometa 14. Baada ya dakika mbili bado ni nyuzi 45, umbali kilometa 7. Dakika ya tatu zinagongana.

Katika kiwambo cha A, ambacho katikati yake ni A mwenyewe, alama ya B imetambaa mshazari, kutoka kaskazini-magharibi kuja kusini-mashariki. Lakini B haikwenda kusini hata mita moja! Sababu ni kwamba kiwambo kinaonyesha mwendo wa B baada ya kuutoa mwendo wa A. Mwendo wa B ni 5 mashariki na 0 kaskazini. Wa A ni 0 mashariki na 5 kaskazini. Tukitoa, tunapata 5 mashariki na 5 kusini. Huo ndio mwendo wa uhusiano. Rubani atakayeudhania kuwa ndio uelekeo wa kweli ataitafuta dirishani ndege inayomjia kwa pua, kumbe ile inamwonyesha ubavu.

Hata hivyo mwendo wa uhusiano una faida yake, na manahodha wa majahazi waliifahamu kabla ya kiwambo chochote. Nahodha anapoona chombo kingine kimebaki upande ule ule kwa kulinganisha na mlingoti wake, huku kikizidi kuwa kikubwa, hujua kwamba vitakutana. Kikisogea kuelekea omo, kitapita mbele. Kikisogea kuelekea tezi, kitapita nyuma.

Ndege inayojitangaza

Suluhisho la swali la tatu limepatikana kwa kugeuza utaratibu. Badala ya ndege kungoja kuulizwa, katika mfumo mpya kila ndege hujitangaza. Hupokea ishara za setilaiti, hupata mahali ilipo pamoja na mwendo wake juu ya ardhi, kisha huzitangaza habari hizo kwa redio, kwa kawaida mara mbili hivi kila sekunde. Mwendo hutangazwa katika sehemu mbili: ya mashariki au magharibi, na ya kaskazini au kusini.

Chombo kinachopokea hufanya kazi ambayo mwanafunzi wa sekondari aiweza. Kutoka kiwanja cha Unguja hadi cha Pemba ni takriban kilometa 107 kaskazini na 65 mashariki. Tanjenti ya pembe ya safari ni 65 kugawanya kwa 107, yaani 0.61, pembe yenyewe ni nyuzi 31 kutoka kaskazini. Kwa njia hiyo hiyo, uelekeo kutoka Tanga ni kama nyuzi 103. Kama kiwambo cha ndege itokayo Unguja kimewekwa ili njia yake ielekee juu, basi ndege itokayo Tanga itachorwa kwa kichwa cha mshale kilichogeuzwa nyuzi 103 kutoa 31, yaani nyuzi 72 kuelekea kulia. Pale ambapo habari za uelekeo hazikupatikana, chombo hurudi kwenye alama isiyo na ncha, kwani ni bora kunyamaza kuliko kudanganya.

Pua na njia

Mshale huo huonyesha njia juu ya ardhi, si mahali pua inapotazama. Ndege inayokwenda mashariki kwa kasi ya kilometa 300 kwa saa hewani, ikipigwa na upepo wa kusi wa kilometa 40 kwa saa kutoka kusini, hulazimika kuigeuza pua yake karibu nyuzi 8 kuelekea kusini ili isitoke njiani. Rubani wa ndege nyingine ataona mshale ukielekea mashariki, lakini akitazama dirishani ataona kiwiliwili kimepinda kidogo. Vyote viwili ni kweli.

Yafaa pia kukumbuka kwamba kiwambo hakiwezi kumwonyesha asiyejibu wala asiyejitangaza. Ndege isiyo na chombo, au ambayo chombo chake kimezimika, haitaonekana humo kamwe. Kwa sababu hiyo macho ya rubani na mazungumzo ya redio hayajapoteza kazi yake, hasa karibu na kiwanja.

Zoezi la darasani

Mwalimu awape wanafunzi karatasi ya grafu. Warudie mfano wa ndege A na B, ila safari hii B iende kwa kilometa 240 kwa saa. Kwanza wachore njia za kweli. Kisha waweke A katikati ya karatasi ya pili na kuchora mahali B inapoonekana kila dakika. Watakuta kwamba pembe haibaki nyuzi 45: baada ya dakika mbili imefika 54, na baada ya tatu imefika 90. B inapita nyuma, na umbali mdogo kuliko wote ni kilometa 2.3 hivi. Mwisho wajiulize: iwapo pembe zote zilipimwa kwa kosa la nyuzi 9, je, rubani angeweza kuwa na hakika kwamba B itapita nyuma?